Kufuatilia Viini Vinavyogeuka Dhahabu: Mwongozo Kamili wa Kuunda Modeli ya Mmeguko wa Viini

Sonara wa Mwanza akiulizwa dhahabu ya pete anayoing'arisha imetoka wapi, atajibu kuwa imetoka Geita, na jibu lake litakuwa sahihi kwa kipande cha mwisho tu cha safari. Kabla ya kujibana kwenye mishipa ya miamba ya Geita, dhahabu hiyo ilikuwa vumbi ndani ya wingu lililozaa Jua na sayari zake miaka bilioni 4.57 iliyopita. Na kabla ya kuwa vumbi, sehemu kubwa ya viini vyake ilikuwa viini vya elementi nyingine, vilivyosheheni nyutroni na visivyo imara, ambavyo viligeuka kimoja baada ya kingine mpaka vikatulia vikiwa dhahabu.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kufuatilia mageuko hayo kwa hesabu, ukitumia lahajedwali la kawaida, hata lile la kwenye simu. Nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa kidato cha sita au wa mwaka wa kwanza chuoni, pamoja na mwalimu mwenzangu anayefundisha fizikia ya viini bila maabara yenye vifaa vya kupimia mionzi. Hisabati inayohitajika haizidi vipeo na logi asilia. Mahitaji mengine ni daftari, kalamu na vizibo 100 vya soda, ambavyo muuza duka yeyote atakupa bure ukimwomba siku mbili kabla.

Mambo ya kufahamu kabla ya kuanza

Kiini cha atomu kina protoni na nyutroni. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua elementi: osmi ina protoni 76, iridi 77, platini 78 na dhahabu 79. Jumla ya protoni na nyutroni huitwa namba ya tungamo, nayo huandikwa baada ya jina, kama vile dhahabu-197, ambayo ndiyo isotopu pekee ya dhahabu iliyo imara. Katika mmeguko wa beta, nyutroni moja ndani ya kiini hugeuka kuwa protoni, huku elektroni na antineutrino zikitoka nje. Kwa hiyo kiini hupanda daraja moja katika orodha ya elementi, lakini namba yake ya tungamo haibadiliki. Jambo hilo ndilo linaloturahisishia kazi, kwa sababu kiini chochote chenye tungamo 197 kinachomeguka kwa beta hakina pa kwenda isipokuwa ndani ya mnyororo uleule wa 197, na mnyororo huo unaishia kwenye dhahabu.

Nusumaisha ni muda ambao nusu ya viini vya aina moja huwa vimemeguka. Kiini hakizeeki: kilichosubiri siku nzima kina uwezekano uleule wa kumeguka katika dakika ijayo kama kilichozaliwa sasa hivi. Uwezekano huo kwa kila kipimo cha muda tutauita kiwango cha mmeguko na kuuandika λ, nao hupatikana kwa kugawanya 0.693 kwa nusumaisha.

Hatua ya 1: Pata hisia ya mmeguko kwa vizibo

Tikisa vizibo 100 ndani ya sufuria, vimwage mezani, kisha ondoa vyote vilivyoangukia mgongo na uandike idadi ya vilivyobaki. Rudia kwa vilivyobaki mpaka viishe. Usidhani kwamba nusu itatoka kila mara, kwa maana kizibo si sarafu: kingo zake zilizokunjwa hukifanya kipendelee upande mmoja, na upendeleo huo haukadiriki kwa kukitazama. Itakubidi uupime kwa kumwaga vizibo mara nyingi na kugawanya idadi ya vilivyoanguka mgongo kwa jumla ya vilivyomwagwa. Ninapendelea vizibo kuliko sarafu kwa sababu hiyohiyo, kwani hata viini halisi havituambii λ yao, na kwa viini vingi thamani tunayotumia imepatikana kwa kupimwa, si kwa kukokotolewa kutoka kwenye nadharia.

Utagundua pia kwamba mistari ya marafiki watano waliofanya jaribio hilihili haifanani. Idadi ya mimeguko inapokuwa n, mtikisiko wake wa kawaida ni kipeuo cha pili cha n, yaani kama 7 kwenye mimeguko 50 na 1,000 kwenye mimeguko milioni moja. Mtikisiko wa kwanza ni asilimia 14 na wa pili ni asilimia 0.1. Ndiyo maana modeli ya viini vingi inaweza kutumia hesabu laini isiyo na bahati nasibu, ilhali ya viini vichache haiwezi.

Hatua ya 2: Chagua mnyororo na ukusanye takwimu zake

Tutafuata osmi-197, yenye nusumaisha ya takriban dakika 2.8, ambayo hugeuka iridi-197 yenye dakika 5.8, kisha platini-197 yenye saa 19.9, na mwisho dhahabu-197. Mnyororo halisi unaanzia mbali zaidi. Tukichukua kwa mfano luteti-197, yenye protoni 71 na nyutroni 126, inahitaji mimeguko minane ya beta ili kufika kwenye dhahabu. Hata hivyo, viungo vya mwanzo ni vya muda mfupi kuliko vya mwisho, na baadhi yake havijawahi kupimwa maabara, kwa hiyo ni busara kuanza pale ambapo takwimu zipo.

Takwimu za nusumaisha hupatikana bure kwenye jedwali la nyuklidi la Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na kwenye lile la maabara ya Brookhaven, Marekani. Unapozisoma, angalia usichanganye kiini cha kawaida na kiini kilichoamshwa chenye protoni na nyutroni zilezile. Platini-197 iliyoamshwa ina nusumaisha ya takriban dakika 95, si saa 19.9, na katika jedwali mistari miwili hiyo hukaa karibu karibu kiasi cha kumpoteza mtu mwenye haraka.

Badilisha kila kitu kuwa dakika kabla ya kuendelea. Saa 19.9 ni dakika 1,194. Viwango vya mmeguko basi ni 0.2476 kwa dakika kwa osmi, 0.1195 kwa iridi na 0.00058 kwa platini. Vitazame viwango hivyo kwa makini: kiwango cha kwanza kinazidi cha mwisho zaidi ya mara 400, na matatizo yote ya hatua ya nne yanatoka hapo.

Hatua ya 3: Andika mizania ya kila kiungo kwa maneno

Wanaokumbuka foleni ya Kigongo kabla ya daraja la kwenda Busisi kukamilika wanaujua mnyororo huu tayari. Magari yalifika kutoka Mwanza kwa kasi, yakajipanga ufukweni yakisubiri kivuko, na upande wa pili wa ghuba yalitokea kwa mwendo ambao kivuko kiliruhusu, si kwa mwendo wa dereva. Katika mnyororo wetu osmi na iridi ni barabara, platini ni kivuko, na dhahabu ni Busisi.

Mizania yenyewe ni nyepesi. Kila dakika osmi hupoteza viini vinavyolingana na kiwango chake kuzidisha idadi iliyopo. Iridi hupokea vilevile vilivyopotezwa na osmi na hupoteza vya kwake. Platini hupokea vya iridi na hupoteza vya kwake, na dhahabu hupokea tu bila kupoteza. Kinachotoka mlango mmoja lazima kionekane kikiingia mlango unaofuata. Anayeandika mlingano wa iridi kwa nambari moja na wa platini kwa nambari nyingine iliyokadiriwa tofauti atakuwa ameumba au kuangamiza viini bila kujua.

Hatua ya 4: Chagua njia ya kusogeza muda

Njia inayomjia kila mtu kwanza ni hii: chukua idadi iliyopo sasa, izidishe kwa λ na kwa urefu wa hatua ya muda, toa jibu hilo kwenye idadi, na uendelee. Mara ya kwanza nilipotengeneza lahajedwali hili nilitaka kuona matokeo ya wiki nzima, kwa hiyo nikachagua hatua ya saa moja, ambayo kwa platini ni hatua ya adabu kabisa. Mstari wa pili wa lahajedwali ulinionyesha osmi hasi milioni 13.85 na iridi chanya milioni 14.85. Kilichonifedhehesha si nambari hizo, bali ni kwamba nilikuwa nimeweka safu ya kukagua jumla, na safu hiyo ilisoma 1,000,000 kamili kama inavyotakiwa. Jumla ilikuwa sahihi, na kila kilichoijenga kilikuwa upuuzi.

Sababu yake inaonekana kwa kuzidisha tu. Kiwango cha osmi kwa dakika 60 ni 14.85, maana yake nimekiamuru kila kiini kimeguke karibu mara 15 ndani ya hatua moja. Njia hii inavumilika pale tu λ ikizidishwa kwa hatua inapokuwa ndogo sana kuliko 1. Hata hatua ya dakika moja haitoshi: baada ya dakika 10 inakuachia osmi 58,200 kati ya milioni moja, wakati jibu la kweli ni 84,100. Ukishuka hadi sehemu moja ya kumi ya dakika utapata 81,500, jibu linalokubalika, lakini wiki moja itakugharimu mistari 100,800, na simu yako itaganda kabla umeme haujakatika.

Njia ya pili inageuza swali. Badala ya kukokotoa upotevu kwa idadi iliyopo mwanzoni mwa hatua, ukokotoe kwa idadi itakayokuwepo mwishoni mwake. Ukipanga upya mlingano huo, idadi mpya ya osmi inakuwa idadi ya zamani kugawanya kwa jumla ya 1 na λ mara hatua. Kigawanyo hicho hakiwezi kuwa chini ya 1, kwa hiyo idadi haiwezi kamwe kuwa hasi, hata hatua ikiwa ndefu kupita kiasi. Kwa hatua ileile ya saa moja, osmi itakuwa 63,080. Nambari hiyo si sahihi, kwani ukweli ni kwamba haibaki hata moja, lakini ni kosa linalojififisha lenyewe katika hatua zinazofuata badala ya kuvimba. Wataalamu wanaofuatilia maelfu ya isotopu kwa pamoja hutumia jamaa za njia hii, kwa maana katika hesabu zao kuna viini vya milisekunde na viini vya mabilioni ya miaka ndani ya jedwali moja.

Hatua ya 5: Jenga lahajedwali lenyewe

Weka vichwa katika mstari wa 1: muda katika A, osmi katika B, iridi katika C, platini katika D, dhahabu katika E na urefu wa hatua katika F. Katika seli H1 andika =0.6931/2.8, katika H2 andika =0.6931/5.8, na katika H3 andika =0.6931/1194. Mstari wa 2 ni mwanzo wa safari: A2 ni 0, B2 ni 1000000, na C2, D2 na E2 zote ni 0. F2 iache tupu, na katika F3 andika 0.1. Kisha jaza mstari wa 3 hivi:

A3: =A2+F3
B3: =B2/(1+$H$1*F3)
C3: =(C2+F3*$H$1*B3)/(1+$H$2*F3)
D3: =(D2+F3*$H$2*C3)/(1+$H$3*F3)
E3: =E2+F3*$H$3*D3

Alama ya dola huizuia rejea ya seli isihame unaponakili kwenda chini. Angalia kwamba iridi ya mstari wa 3 inatumia osmi ya mstari huohuo wa 3, si ya mstari wa 2. Ukikosea hapo, jumla itaanza kuteleza taratibu na utatafuta kosa mpaka usiku.

Katika F4 andika =F3*1.1, kisha nakili mistari yote hadi wa 99. Kila hatua inaizidi iliyotangulia kwa asilimia 10, na hapo ndipo unapookoa kazi: mwanzoni, osmi na iridi zinapohangaika, hatua ni fupi, baadaye, platini peke yake inapobaki kwenye foleni, hatua ni za saa kadhaa. Mistari 97 inakufikisha dakika 10,353, yaani zaidi kidogo ya wiki moja, mahali pa ile mistari laki moja na mia nane.

Hatua ya 6: Hakiki kabla ya kuamini

Jumla ya B, C, D na E lazima iwe 1,000,000 katika kila mstari, na hakuna seli inayoruhusiwa kuwa hasi. Kama nilivyoungama, sharti la kwanza bila la pili halina maana.

Baada ya hapo linganisha na jibu kamili. Mwaka 1910 Harry Bateman alichapisha suluhisho la jumla la minyororo ya aina hii, na kutoka kwake tunaweza kupata nguzo za kulinganishia. Iridi inafikia kilele dakika 5.7 baada ya kuanza, ikiwa na viini takriban 507,000. Saa moja baada ya kuanza, osmi imekwisha, iridi ni 1,500 hivi, platini ni takriban 971,000 na dhahabu 27,000. Baada ya saa 24 dhahabu ni asilimia 56, baada ya siku tatu ni asilimia 92, na baada ya wiki ni asilimia 99.7.

Lahajedwali lako halitagonga nambari hizo barabara. Osmi ya dakika ya 10 itakuwa juu ya jibu la kweli kwa kiasi cha kuonekana, ilhali platini ya saa 24 itakosea kwa chini ya asilimia 2. Kipimo cha kweli cha modeli ni kubadilisha 1.1 kuwa 1.05, kunakili hadi mistari 175, na kutazama majibu yanasogea upande gani. Yakisogea kuelekea kwenye nguzo, kosa lako ni la urefu wa hatua. Yasiposogea, au yakisogea upande mwingine, kuna fomula umeikosea.

Jaribu sasa kuzidisha nusumaisha ya osmi mara mbili. Utaona kwamba dhahabu ya siku ya tatu haitikisiki kwa kiasi cha maana. Fanya hivyohivyo kwa platini, na kila kitu kinabadilika. Mtafiti anayetaka kujua ni kiini gani kinastahili muda wa thamani kwenye mashine ya kupimia hufanya jaribio la aina hii kwanza, kwa kuwa kuhesabu kwa ustadi magari yanayokuja kasi barabarani hakukuambii chochote kuhusu kivuko.

Hatua ya 7: Ingiza unasaji wa nyutroni

Mpaka hapa tumeanza na osmi iliyokwisha kuwepo. Aliyeileta ni nani? Muunganiko wa viini unaoziwasha nyota hauna faida ya nishati kupita jamii ya chuma na nikeli, kwa hiyo sehemu kubwa ya elementi nzito kuliko hizo hujengwa kwa viini kunasa nyutroni, ambazo hazina chaji na hivyo hazisukumwi nje. Mwaka 1957 Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle, na kwa upande wake Alastair Cameron, waliweka wazi kwamba kuna njia mbili za unasaji, ya polepole na ya haraka, na kinachozitenganisha ni ulinganisho mmoja tu: kiini kinanasa nyutroni nyingine kabla hakijameguka, au kinameguka kwanza?

Ulinganisho huo unaingia kwenye lahajedwali kwa kuongeza mlango wa pili wa kutokea. Kiini chenye kiwango cha mmeguko λ na kiwango cha unasaji u kinachagua mmeguko kwa uwiano wa λ gawanya kwa λ na u zikijumlishwa. Chukua platini-197 yetu. Ndani ya nyota kuukuu iliyovimba, tuseme nyutroni hufika kwa wastani wa mara moja kwa mwaka; hapo platini inayomeguka na kuwa dhahabu ni asilimia 99.7. Katika tukio la ghafla ambapo nyutroni inanaswa kila milisekunde, platini inayowahi kumeguka ni takriban 1 kati ya milioni 100, na zilizobaki zote zinasukumwa kuwa nzito zaidi. Kiini ni kilekile na nusumaisha ni ileile ya saa 19.9, lakini mahali pamoja panaitwa haraka na pengine panaitwa polepole. Msomaji asije akadhani kwamba haraka ni sifa ya kiini chenyewe.

Katika njia ya haraka viini hukimbia upande wa nyutroni nyingi mpaka vinapofikia idadi za nyutroni 50, 82 au 126, ambazo zinafunga maganda ya ndani ya kiini. Hapo nyutroni inayofuata haishikiki vizuri, na kiini hulazimika kusubiri mmeguko wa beta ndipo kiendelee. Foleni inajengeka, na nyutroni zinapokwisha, vilivyokuwa foleni humeguka kwa pamoja na kuacha vilima vitatu katika wingi wa elementi, karibu na tungamo 80, 130 na 195. Dhahabu na platini zipo nyingi kiasi zilivyo kwa sababu zilikuwa kwenye foleni ya 126. Ukitaka kukiona kilima kikiinuka, tengeneza safu kumi za viini vinavyonasa kwa kasi sawa, kisha ipunguze kasi ya safu ya sita iwe sehemu moja ya mia, na uchore idadi dhidi ya namba ya safu.

Hatua ya 8: Kutoka idadi hadi joto na mwanga

Tarehe 17 Agosti 2017 vituo vya LIGO na Virgo vilipokea mawimbi ya mvutano kutoka kwa nyota nyutroni mbili (masalia mazito mno ya nyota zilizolipuka) zilizogongana katika galaksi NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 130, na sekunde 1.7 baadaye setilaiti ya Fermi ikaona mmweko wa mionzi ya gama. Muda wa takriban saa 11 ulipita kabla darubini ya Swope huko Chile haijaupata mwanga wenyewe. Nenda kwenye lahajedwali lako utafute dakika ya 660. Kama mnyororo wetu ulianza pamoja na mgongano, utakuta platini asilimia 69 na dhahabu asilimia 31. Wanaastronomia walipokuwa wanapiga picha ya kwanza, sehemu kubwa ya dhahabu ya tungamo 197 ilikuwa bado njiani.

Mwanga huo ulikuwa wa mimeguko: elektroni na mionzi ya gama zinazotoka kila kiini kinapogeuka hulipasha joto wingu linalotawanyika. Ili kuelewa namna unavyofifia, tengeneza ukurasa mpya wenye makundi 11 ya viini yenye nusumaisha za dakika 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 1,024, kila kundi likianza na idadi sawa, na ujumlishe mimeguko kwa dakika ya makundi yote. Kundi moja moja hufifia kwa kipeo, yaani huporomoka ghafla. Jumla yao haifanyi hivyo. Kati ya dakika 8 na 128 utaona kwamba kila muda unapozidishwa mara mbili mimeguko hupungua kwa nusu, kana kwamba jumla hiyo haina nusumaisha kabisa. Katika mabaki halisi yaliyorushwa na mgongano, viini vya muda mrefu hutoa pia nishati ndogo zaidi kwa kila mmeguko, kwa hiyo mteremko huwa mkali kidogo: muda ukizidi mara 10, joto hupungua takriban mara 20. Mwanga wa Agosti 2017 ulififia kwa namna inayopatana na mteremko huo, huku ukigeuka kutoka buluu kwenda wekundu ndani ya siku chache, na hiyo ni mojawapo ya hoja nzito kwamba elementi nzito zilikuwa zinaundwa pale.

Hatua ya 9: Igeuze modeli iwe saa

Modeli inayokwenda mbele inaweza pia kurudishwa nyuma, mradi nusumaisha ziwe ndefu vya kutosha. Mawe makubwa yanayoipa Mwanza jina la Jiji la Miamba, na hata ule mwamba wa Bismarck unaopigwa picha ukiwa majini, ni matale yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, nayo kama matale mengine duniani yana chembe za urani na thori. Urani-238 ina nusumaisha ya miaka bilioni 4.47, urani-235 bilioni 0.704. Leo kuna kiini kimoja cha urani-235 kwa kila viini 137.8 vya urani-238.

Tofauti ya viwango viwili hivyo ni 0.83 kwa kila miaka bilioni. Kwa hiyo uwiano wa zamani hupatikana kwa kuchukua uwiano wa leo na kuuzidisha kwa e yenye kipeo cha 0.83 mara mabilioni ya miaka. Kwa miaka bilioni 2.6, ambayo nachukua kwa mfano, uwiano unakuwa asilimia 6.3. Katika eneo la Oklo nchini Gabon, uwiano wa miaka takriban bilioni 2 iliyopita ulitosha kuiwasha tanuri ya nyuklia ya asili ndani ya mwamba, jambo lililogunduliwa mwaka 1972 kwa sababu urani-235 ya pale ilionekana kupungukiwa. Kwa miaka bilioni 4.57, wakati wa kuzaliwa kwa Jua, uwiano unafika 0.32.

Endelea kurudi nyuma mpaka isotopu hizo mbili zilingane, na saa itasoma miaka bilioni 5.9. Usiichukue nambari hiyo kama tarehe ya kuzaliwa kwa urani yetu. Imejengwa juu ya dhana mbili: kwamba ziliundwa sawa kwa sawa, na kwamba tukio lilikuwa moja. Ukiweka uwiano wa kuzaliwa wa 1.3 mahali pa 1, saa inaruka hadi bilioni 6.25. Na dhana ya tukio moja ni dhaifu zaidi, kwa maana galaksi yetu ilikuwa inatengeneza elementi nzito tangu zamani: mwaka 2001 urani ilipimwa katika mwanga wa nyota kuukuu iitwayo CS 31082-001, na umri uliopatikana ni miaka bilioni 12.5, ukiwa na shaka ya bilioni 3 juu na chini.

Kwa hiyo zoezi la kumalizia liwe hili. Badala ya tukio moja, weka katika lahajedwali matukio 40, moja kila baada ya miaka milioni 100, kila moja likiongeza urani-235 na urani-238 kwa uwiano wa 1.3, huku zilizokwisha kuwepo zikiendelea kumeguka kwa fomula ya safu B. Soma uwiano baada ya tukio la mwisho, kisha ongeza mistari mitupu ya kusubiri mpaka ushuke hadi 0.32. Idadi ya mistari hiyo mitupu itategemea mpangilio wa matukio uliouchagua, na unapobadilisha mpangilio ndipo utakapoona ni kiasi gani cha historia ya galaksi kinaweza kufichwa ndani ya uwiano mmoja.